Biro ya Likasi na Samaki wa Tshangalele

Mukitoka Likasi kwa njia ya Lubumbashi na kufika Kapolowe, ziwa Tshangalele haliko mbali. Mugeni anaweza kufikiri liliumbwa pamoja na milima. Hapana, lilitoka mu biro. Union Minière, iliyoanzishwa mwaka 1906, ilikuwa na wakubwa wake Bruxelles, na biro yake kubwa ya Afrika ilikuwa Elisabethville, ndiyo Lubumbashi ya leo. Ilitaka umeme juu ya shaba. Basi mto Lufira ulifungwa pale Mwadingusha, na mu 1930 mashini zikaanza kuzunguka. Bonde likajaa maji. Watu wa Lufira hawakukaa mu chumba kile karatasi zilipopigwa sahihi.

Kisha watoto wa vijiji wakaenda kutumika Likasi, wakati ule ikiitwa Jadotville. Mwenye kujua kusoma alikuwa kalani. Kambi ilimheshimu, na pia ilimwogopa kidogo, sababu kalamu ilijua njia ya posho.

Union Minière ilinyang'anywa migodi mu 1967. Leo ziko kampuni nyingine za ng'ambo, na kalani bado yuko.

Kwa kanisa letu kuko kijana anatumika mu biro ya kampuni moja namna hiyo. Sitataja jina lake wala la kampuni. Mushahara unafika kila mwezi, watoto wanasoma. Nasema wazi: ni kazi nzuri, tusiidharau. Lakini wakubwa wake wenyewe anawaona tu mu ordinatere. Yeye ni mtoto wa Kapolowe, na mama yake anauza makobo na tilapia sokoni. Wavuvi wakija kuuliza juu ya maji, mulinzi anawapeleka kwake, sababu anasikia lugha yao.

"Mutoto wetu, ile maji ya Likasi inatuharibia ziwa."

Anaandika barua. Inaenda Lubumbashi, kisha ng'ambo. Jibu likija linasema: tumepokea.

Na wavuvi hawasemi bure. Maji ya mito Panda na Buluo, yanayopita upande wa viwanda, yanafika Lufira, kisha ziwani. Mu 2009 watafiti wa Chuo Kikuu cha Lubumbashi na wa Ubelgiji walionyesha kwamba wakaaji wa karibu na migodi ya Katanga wako na kobalti nyingi mu mukojo. Mu 2016 watafiti wengine wakatoa matokeo juu ya metali mu samaki wa ziwa lenyewe. Ubaya ni kwamba kobalti haina harufu. Samaki anaonekana muzima, anang'aa.

Mama alimuuliza mwanawe: "Nikiacha kuuza, tutakula nini?" Mu fomu za kampuni hakuna mustari wa ulizo hilo.

Juzi kijana aliniuliza: "Pasta, niandike jina la mama mu barua ya tatu?" Nilimwambia aandike, atie tarehe, na kopi aiache kwa chifu. Barua imekwisha kwenda. Tunangojea.