Kengele iliyonyamaza usiku

Najua nimepotea hapa kwa majuma kadhaa. Sikuwa nimechoka kuandika. Nilikuwa nikisaka kosa ambalo niliapa liko kwenye programu, kumbe lilikuwa kwenye waya. Tena si waya wa mtu mwingine, ni ule nilioufunga kwa mikono yangu mwenyewe nyumbani kwa mama.

Mama anaishi peke yake nje kidogo ya Nyahururu. Kaka yangu aliye Marekani alipokuja likizo alimletea kengele ya wezi: kisanduku kikuu, sensa za milango, king'ora, na moduli ya simu isiyohitaji waya kutoka kwenye kisanduku. Mlango ukifunguliwa, kisanduku hupeleka habari kwa redio hadi kwenye moduli, nayo moduli hupiga simu kupitia laini ya simu ya mezani.

Mama hana simu ya mezani. Adapta nayo ni ya volti 120, na stima yetu ni 240. Hayo ni mambo ya kutatuliwa. Lililonisimamisha ni kibandiko cha nyuma: megahezi 902 hadi 928, na nambari ya FCC, yaani tume ya mawasiliano ya Marekani. Kando yake kulikuwa na masharti mawili ya Sehemu ya 15 ya kanuni zao: kifaa kisilete usumbufu wenye madhara, na kikubali usumbufu wowote kitakachopokea.

Kaka akasema, "Si unaona kimeidhinishwa?" Ndiyo, kimeidhinishwa, lakini kwao. Kule Marekani masafa hayo yameachiwa vifaa vidogo vya nyumbani. Huku kwetu, simu za GSM 900 huzungumza na mlingoti kwenye megahezi 890 hadi 915. Kwa hiyo kifaa cha mama kingekuwa kinapiga kelele katika sikio la mlingoti, pale pale unaposikiliza simu za kijiji kizima. Kibandiko si hirizi, wasomaji. Kinasema kweli mahali kilipoandikiwa tu.

Basi nikaweka moduli na sensa zake kando, nikabaki na king'ora cha volti 12. Milangoni nikafunga swichi za sumaku zenye waya. Mahali pa moduli ya simu nikatia SIM800, moduli ndogo ya 2G inayotumia laini ya kawaida, nikaandika programu yake wikendi moja. Mezani kwangu Nairobi ilipiga simu mara ishirini bila kukosea. Nikaipeleka Nyahururu, nikaijaribu mara moja mchana, simu yangu ikaita, mama akapiga makofi. Nikarudi mjini nikijiona fundi.

Miezi miwili baadaye stima ikapotea usiku, na watu wakavunja mlango wa jikoni. King'ora kililia sekunde chache kikazima, kikalia tena, kikazima. Simu yangu haikuita kabisa. Mama alijifungia chumbani akapiga nduru, na majirani ndio waliofika na tochi. Hakuumizwa, namshukuru Mungu. Wezi waliondoka na mtungi wa gesi. Asubuhi alinipigia akaniuliza kwa upole, "Mwanangu, kile kitu chako kililala?" Swali hilo liliniuma kuliko angenigombeza.

Nilienda na kompyuta nikaiunganisha na moduli. AT+CPIN? ikajibu READY, kwa hiyo laini ilikuwa sawa. AT+CREG? ikajibu 0,1, yaani imejisajili kwenye mtandao. AT+CSQ, inayopima nguvu ya mawimbi kutoka 0 hadi 31, ikajibu 9. Mezani kwangu huwa 24. Nikachomoa stima ili ibaki betri peke yake, nikaamuru ipige simu. Taa ikazimika, moduli ikaanza upya.

Hapo nikaelewa. SIM800 inataka volti 3.4 hadi 4.4, na inaporusha mawimbi inaweza kuvuta hadi ampea 2 kwa vipindi vifupi sana, zaidi ya mara 200 kwa sekunde. Ule mlio wa kukoroma kwenye redio simu inapokaribia kuita, ndio huo. Mlingoti ukiwa karibu, simu huamriwa kupunguza nguvu, kwa hiyo Nairobi moduli yangu ilikuwa inanong'ona tu. Kwa mama mlingoti uko mbali, nayo hulazimika kutumia nguvu zake zote. Waya wangu mwembamba ulikuwa na ukinzani wa kama omu 0.3. Zidisha kwa ampea 2, unapoteza volti 0.6. Ukianza na volti 4 unafika 3.4, ukingoni kabisa. Mchana adapta ilisaidia, ila usiku ule betri peke yake haikuweza. Kila ilipojaribu kuniita, ilijizima, na programu ikaanza upya na kukizima king'ora pia.

Dawa haikuwa ghali: waya mnene na mfupi, kapasita ya mikrofaradi 1000 karibu kabisa na moduli, betri mpya, na antena nje ya sanduku la chuma. Kwenye programu, king'ora sasa hakizimwi moduli ikianza upya. Halafu nikaongeza jambo ambalo lilipaswa kuwepo tangu siku ya kwanza: kila jioni saa kumi na mbili kisanduku hunitumia ujumbe wa neno moja, "mzima". Siku neno hilo lisipofika, nampigia mama.

Sasa mzee jirani ananiambia, "Kijana, nitengenezee na mimi, nitalipa." Na wengine watano. Pesa naitaka, sitadanganya. Lakini kujifungia kifaa chako ni jambo moja, na kuuzia watu ni jingine. Mwaka 2010 Kenya ilitunga kanuni chini ya sheria ya mawasiliano ya 1998, kuhusu kuingiza, kuidhinisha na kusambaza vifaa vya mawasiliano. Aina ya kifaa hukaguliwa na kuidhinishwa na Mamlaka ya Mawasiliano, ile iliyokuwa ikiitwa CCK. Wala sitaki kudhani kwamba moduli ikiwa na idhini yake, basi kisanduku nilichokifunga jikoni nacho kinayo.

Zamani ningesema hizo ni karatasi za kusumbua watu. Baada ya usiku ule, naona karatasi hizo zinauliza swali ambalo sikujiuliza: umeijaribu wapi, na katika hali gani? Kwa hiyo mzee nimemwambia anunue iliyoidhinishwa, nami nitamfungia bure na kuipima stima ikiwa imezimwa.

Wewe mwenye kengele nyumbani, leo jioni chomoa stima, fungua mlango, ungoje simu yako iite. Isipoita, heri umejua leo.

Hadi wakati mwingine.