Redio ya Kabatini, Redio ya Uani

Kwenye gulio la Jumamosi kando ya mto Main, hapa Frankfurt, viredio vya mfukoni vya miaka ya 1950 na 1960 havikosi mteja. Mara nyingi mteja haulizi kama kinaimba. Anakigeuza nyuma, anatazama kama ganda lina ufa, anapapasa maandishi, kisha anauliza bei. Kwetu Tanzania swali la kwanza ni kama kinashika steshini.

Mteja huyo ana haki yake, maana vitu hivi ni vizuri kweli. Tazama T3 ya Braun, kampuni iliyoanzia mji huuhuu, iliyotoka mwaka 1958 kwa mkono wa Dieter Rams. Ni kiboksi cheupe cha plastiki chenye kona laini. Juu kuna vitundu vya spika vilivyopangwa mraba, chini duara moja la kutafutia steshini, na uso wake umeishia hapo. Kidole gumba kinafika kwenye duara bila kuelekezwa. Walioona iPod ya kwanza ya 2001 wataitambua sura hiyo mara moja.

Wamarekani walitangulia na Regency TR-1 mwaka 1954: transista nne, dola 49.95. Transista ndiyo iliyoziondoa valvu za kioo, zilizokula umeme na nafasi, na redio ikapata kuingia mfukoni. Kwenye namba za redio za Marekani za enzi hiyo utaona vialama viwili, penye 640 na 1240. Hizo ndizo steshini za kusikilizwa endapo nchi ingeshambuliwa. Mpango huo ulifutwa mwaka 1963, na wakusanyaji hutumia vialama hivyo kukisia umri wa redio.

Nyumbani Tanzania, redio ilipata sura yake ya mwisho baada ya kutoka dukani. Redio ya National ya sebuleni ilifumiwa kitambaa cha uzi mweupe chenye pindo la rangi, kikaachwa wazi penye spika na penye mshale. Mfuniko wa mawe ukipotea, ulifungwa mpira wa baiskeli. Mawe yakichoka yalianikwa juani, yakarudi kazini kwa taarifa ya habari ya jioni. Eriali ikikatika, fundi alilehemu waya na kuupandisha mpaka kwenye paa.

Halafu redio ile haikuwa ya mtu mmoja. Kampeni ya Mtu ni Afya ya mwaka 1973 ilipangwa hivyo hasa: watu wanakaa vikundi, wanasikiliza kipindi pamoja, wanajadili, kisha wanakwenda kuchimba vyoo. Kwa kazi hiyo spika kubwa ni bora kuliko udogo wa kuingia mfukoni. Kiredio kidogo kilikuwa cha mlinzi wa usiku, au cha mzee anayekwenda nacho shambani.

Ujerumani redio zake kuu za umma zilizima mawimbi ya kati, na Deutschlandfunk ilimaliza mwishoni mwa 2015. Kwa hiyo redio nyingi za gulioni zimebaki bila steshini za nyumbani kwao, na kabati la kioo ndilo lililosalia. Mimi naona redio isiyoimba imepoteza nusu ya uzuri wake, kwa sababu duara lile lilichorwa lizungushwe. Lakini Wajerumani wametushinda kwa jambo moja: wametunza. Sisi tumetupa, na pamoja na redio tumetupa vile vitambaa vya mama zetu, ambavyo navihesabu kuwa usanifu kamili.

Kama kwa bibi kuna redio ya zamani, anza kwa kutoa mawe, maana yakivuja yanakula springi na vibati. Kitambaa usikivue. Mpelekee fundi angali yupo anayeijua, kisha andika kikaratasi ukiweke ndani ya mfuniko: nani aliinunua, wapi, mwaka gani.