Kidole Kimoja Hakivunji Chawa

Ndugu msomaji, methali hii nimeiandika katika insha tangu shule ya msingi, tena kwa hati nzuri, nikitafuta alama tu. Maana yake niliifahamu barabara mwaka huu, muhula wa kwanza wa kidato cha tatu. Walimu wangu walikuwa watatu: karai la maji, nyota moja nyekundu na rafiki niliyemkosea.

Nianze na kosa, maana mficha uchi hazai. Mwaka jana mimi na mwenzangu wa dawati tulikuwa tukisoma kitabu kimoja cha fizikia cha maktaba, kilichochukuliwa kwa jina lake. Jioni moja nilikisahau kwenye matatu. Siku ya kurudisha vitabu ilipowadia, mwenzangu alinitazama. Mimi nikatazama viatu vyangu. Mamake, ambaye huuza sukuma wiki sokoni, akalipa pesa zote. Januari tulipofungua shule nilimkuta rafiki yangu amehamia dawati la dirishani. Moyoni nikasema, kwani iko nini? Nitasoma peke yangu.

Wiki chache baadaye mwalimu wa fizikia aliingia na makarai ya maji. Akatupanga wawili wawili kwa kufuata rejista, na kama bahati mbaya vile, nikaangukia kwa yule yule. Kazi ilikuwa kuchovya vidole viwili majini, kila mtu chake, tena na tena, tuone mawimbi yakikutana. Mimi nilichovya upesi, yeye polepole. Maji yakavurugika tu.

"Msipokwenda pamoja hamtaona kitu!" mwalimu akatuambia.

Ikatubidi tuhesabu kwa sauti: moja, mbili, moja, mbili. Hayo ndiyo yalikuwa maneno yetu ya kwanza tangu Januari. Hapo maji yakatii. Mahali ambapo kilele cha wimbi kilikutana na kilele, maji yaliinuka zaidi. Mahali ambapo kilele kilikutana na bonde, maji yalitulia tuli, utadhani hayakuguswa.

Mwalimu akasema mwanga nao ni wimbi. Mwanzoni mwa karne ya 19, Thomas Young wa Uingereza alionyesha kwamba mwanga uliopita njia mbili ukikutana tena huchora michirizi, mmoja wa mwanga, mmoja wa giza. Yaani mwanga ukijumlishwa na mwanga unaweza kuzaa giza! Darasa zima tuliguna.

"Sasa niambieni," akaendelea, "kwa nini nyota huonekana kama kitone tu?"

Kimya. Akatueleza kwamba nyota ziko mbali mno. Darubini hupambanua vitu vidogo kadiri kioo chake kilivyo kipana, na juu ya hayo hewa haitulii, huutikisa mwanga. Kutengeneza kioo kimoja kipana kupita kiasi si mchezo. Mwaka 1868 Mfaransa Hippolyte Fizeau alitoa wazo la werevu: ya nini kioo kizima? Chukua mwanga wa nyota moja kwa matundu mawili yaliyoachana, ukutanishe, kisha tazama michirizi. Katika miaka ya 1870 Édouard Stéphan alilijaribu huko Marseille kwa darubini yenye kioo cha sentimita 80. Hakupata upana wa nyota hata moja, lakini alijua kwamba nyota hizo ni nyembamba kuliko uwezo wa chombo chake. Hilo nalo ni jibu.

Labda unauliza, michirizi inapimaje nyota? Hata mimi niliuliza. Nyota si kitone hasa, ina ubavu wa kushoto na wa kulia, na kila ubavu huchora michirizi yake. Matundu yakiwa karibu, michirizi hiyo hulaliana vizuri. Ukizidi kuyatenganisha, penye mwanga pa ubavu mmoja huangukia penye giza pa ubavu wa pili, na michirizi yote hufutika. Umbali uliopo wakati huo ndio hutumika kupiga hesabu ya upana. Chombo cha kazi hii huitwa intaferometa.

Aliyefaulu ni Mmarekani Albert Michelson, ambaye alikuwa amepata Tuzo ya Nobel ya fizikia mwaka 1907. Katika kilele cha Mount Wilson, California, kulikuwa na darubini yenye kioo cha mita 2.5. Juu yake wakafunga boriti ya chuma ya mita 6 yenye vioo vidogo vinavyosogezwa. Usiku wa tarehe 13 Desemba 1920, mwenzake Francis Pease aliielekeza kwenye nyota iitwayo Betelgeuse. Vioo vilipoachana kwa mita 3 hivi, michirizi ikatoweka. Upana wake angani ulikuwa kama sarafu ya sentimita 2.3 inayotazamwa kutoka kilomita 100! Ukiondoa Jua, hiyo ndiyo nyota ya kwanza kupimwa upana. Ni kubwa hivi kwamba ingewekwa mahali pa Jua, ingetumeza sisi na Dunia yetu. Na tazama, mita 3 ni zaidi ya upana wa ile darubini yenyewe. Peke yake isingeweza.

Siku hizi juu ya mlima huo huo kuna darubini sita zinazoshirikiana, nyingine zikiwa zimeachana zaidi ya mita 300. Kule Paranal, nchini Chile, darubini nne zenye vioo vya mita 8.2 huunganishwa kwa njia za chini ya ardhi. Lakini kuna sharti moja. Mwanga lazima utembee mwendo ulio sawa katika njia zote, la sivyo michirizi haionekani. Kwa hiyo kuna vioo juu ya reli, ambavyo huuzungusha mwanga uliotangulia mpaka ule uliochelewa ufike. Aliyetangulia humngoja mwenzake.

Maneno hayo yalinichoma. Aliyengojewa ni mimi.

Jioni ile stima zilipotea mtaani kwetu. Nilitoka nje, nikaona zile nyota tatu zilizojipanga mstari, na kando yake Betelgeuse, nyekundu kama kaa la moto. Nikarudi ndani, nikachukua pesa nilizokuwa nimejiwekea akiba, nikaenda kwao kwa miguu huku moyo ukinidunda. Mamake alikuwa nje, akifunga mafungu ya mboga kwa mwanga wa taa ya mafuta.

"Mama, kile kitabu nilikipoteza mimi," nikasema. Hata salamu nilisahau.

Hakuacha kufunga. Baadaye akasema, "Hilo nilijua, mwanangu. Nilikuwa nangoja useme mwenyewe." Pesa alizipokea, akahesabu, kisha akaniambia salio nilete mwisho wa mwezi. Nilishukuru hakunisamehe deni, maana ningebaki nalo moyoni.

Rafiki yangu alikuwa amesimama mlangoni. Hakusema neno. Nikamwonyesha ile nyota, nikamwambia ndiyo ile ya Michelson. Akaitazama kitambo.

"Kesho tuhesabu tena," akasema, "lakini wewe usiharakishe."

Salio nimekwisha lipa, naye amerudi dawatini. Bado ananishinda kwa michoro, nami namshinda kwa hesabu. Wenzangu, kama kuna mtu anayekungoja useme ukweli, usimcheleweshe. Hapa naiweka kalamu chini.