Yai Lisilopungua

Januari mwaka huu kijana wa jirani alipiga hodi kwangu hapa Matai, mvua ikiwa imeshika tangu alfajiri. Akaniamkia, akavuta kigoda karibu na moto, akanionyesha kwenye simu picha ya mbuni wawili. "Babu, nasikia wewe uliwahi kuwatunza hawa. Nikipata jozi moja nikaileta huku, si watakaa?" Nikamwambia afungue mlango atazame. Maji yalikuwa yakitembea uani, na kule bondeni nyasi zilikuwa zimempita ndama kimo. "Mjukuu wangu, huyo ni ndege wa ukavu. Nyasi zikimziba macho hatulii, na mvua yetu ya miezi sita itammaliza." Aliaga akiwa hajaridhika. Mimi mwenyewe jambo hilo lilinichukua msimu mzima kulielewa, na vifaranga wengi walikufa mikononi mwangu kabla sijalielewa. Ndiyo maana naliandika.

Nilimaliza cheti cha mifugo Tengeru mwaka 1995. Kutoka Ufipa hadi Arusha ilikuwa safari ya siku kadhaa: lori hadi Sumbawanga, basi la barabara ya vumbi hadi Tunduma, ndipo ukaiona lami. Nilibeba sweta zito la sufu alilonifumia mama, kwa kuwa alikuwa anaijua baridi ya kwetu ya Juni na Julai na hakuamini kwamba kuna watu wanaoishi bila sweta. Chuoni tulisoma ng'ombe, mbuzi, nguruwe na kuku. Mbuni hakuwamo kwenye daftari langu. Nilipoajiriwa katika shamba moja la mbuni kwenye uwanda wa upande wa Longido, nilikuwa nimewaona kwa mbali tu, kupitia dirisha la basi.

Miaka ile dunia ilikuwa imeshikwa na homa ya mbuni. Marekani jozi moja ya wazazi ilifika kuuzwa kwa makumi ya maelfu ya dola. Afrika Kusini, katika mji wa Oudtshoorn, walikuwa wakiwafuga tangu karne ya 19 kwa ajili ya manyoya, na sasa watu walitaka pia ngozi na nyama. Kwetu kuanzisha shamba kulihitaji kibali, kwa sababu chini ya Sheria ya Kuhifadhi Wanyamapori ya mwaka 1974 hukuweza kumshika mbuni wa porini ukamgeuza kuku wako. Kibali kilipatikana, mashine ya kutotolesha ikanunuliwa, na mimi nikakabidhiwa funguo za chumba cha mayai.

Lakini kazi nilifundishwa na mlinzi wa usiku, mzee wa Kimasai ambaye aliniita "Mfipa" hadi siku tulipoagana. Siku ya kwanza alinipa tawi refu la mgunga lenye miiba. "Ukiingia bomani, hili liwe mbele ya uso wake. Huyu anayaonea huruma macho yake kuliko kitu kingine." Baadaye nilisoma kwamba jicho la mbuni lina upana wa karibu sentimita 5, na ni kubwa kuliko ubongo wake. Mzee hakuhitaji vipimo. Alijua tu kwamba dume la zaidi ya kilo 100, refu kumpita mtu yeyote, husimama mbele ya miiba.

"Usisimame mbele yake, Mfipa. Simama ubavuni." Mbuni hupiga teke kwenda mbele na chini, na mguu wake wenye vidole viwili una ukucha mmoja mkubwa unaoweza kumpasua mtu tumbo. Kukimbia hakusaidii, maana anaweza kufikia kilomita 70 kwa saa. Akikukuta uwanda mtupu bila tawi, lala kifudifudi, funika kisogo kwa mikono. Atakukanyaga na utaumia, ila teke lile la kupasua halimfikii vizuri mtu aliyelala.

Sweta la mama lilipata kazi huko. Kumshika mbuni bila kumtisha kunataka giza: asipoona, hutulia ghafla kana kwamba amezimwa. Nilikata mkono mmoja wa sweta nikauvaa kwenye mkono wangu wa kulia. Unamkaribia kwa ubavu, unashika mdomo wake kwa mkono huo uliovaa, unashusha kichwa taratibu, kisha kwa mkono wa kushoto unavuta sufu kutoka kwenye mkono wako hadi ikavaa kichwa chake, ukiacha ncha ya mdomo nje apumue. Baada ya hapo mtu mmoja anasukuma kwa nyuma na mwingine anaongoza kwa bawa, naye anatembea kama mzee anayesindikizwa. Nilimwandikia mama kwamba sweta linanifaa sana. Sikumwambia linamfaa nani.

Wakati wa kiangazi mzee alinipeleka nje ya uzio kunionyesha kiota cha mbuni wa porini. Nilitarajia rundo la nyasi. Kilikuwa shimo la kina kifupi ardhini, limeparuliwa kwa miguu, na ndani yake mayai meupe yakimeta juani. Mengine yalikuwa yamesukumwa pembeni. Mzee akaeleza kwamba jike mwenye kiota ni mmoja, wengine huja kutaga humo humo wakaenda zao, na mwenye kiota huyajua yake na kuyaweka katikati. Mtafiti Brian Bertram alikuwa ameyachunguza hayohayo kwa miaka kule Tsavo Magharibi, Kenya, na akathibitisha kwamba jike mkuu anaweza kuyatambua mayai yake kati ya mengi. Mchana anaatamia jike, ambaye rangi yake ya udongo haionekani kwa mbali. Usiku anaingia dume mweusi. Adui akija, huyo anayeatamia hulaza shingo chini, na huenda ndipo watu walipopata ile hadithi ya kuficha kichwa mchangani.

Yai moja lina uzito wa karibu kilo moja na nusu, sawa na mayai ishirini na kitu ya kuku. Ganda ni nene kama milimita 2, na ukilitazama kwa makini unaona vitundu. Hivyo vitundu ndivyo habari yenyewe. Yai linapoatamiwa siku zipatazo 42, maji hutoka humo kidogo kidogo. Kufikia kuanguliwa linapaswa kuwa limepungua uzito kwa takriban asilimia 13 hadi 15. Maji yakitoka, chumba cha hewa hutanuka upande mmoja wa yai, na kifaranga hupasua utando na kuvuta pumzi yake ya kwanza humo kabla hajagusa ganda. Yai lisipopungua, chumba kinabaki kidogo, na kifaranga aliyekamilika kila kiungo anakufa akiwa amevimba maji, sentimita chache kutoka kwenye hewa.

Kwa hiyo kazi yangu ilikuwa mizani. Kila wiki nilipima kila yai na kuandika. Mashine ilikaa nyuzi 36 na kitu kidogo, na unyevu ulitakiwa uwe mdogo, karibu asilimia 25. Msimu wa 1996 haukutusumbua sana. Uwanda ulikuwa mkavu, upepo ulikuwa mkavu, na mayai yalipungua yenyewe bila sisi kujua kwamba tulikuwa tunasaidiwa na nchi.

Oktoba 1997 mvua zikaanza. Kila aliyekuwa Afrika Mashariki mwaka ule anazikumbuka mvua za El Niño: madaraja yalikwenda, reli ilikatika, na baadaye homa ya Bonde la Ufa iliua mifugo na watu. Mimi nilizifurahia mwanzoni. Zilinikumbusha nyumbani, harufu ya udongo, bati likipiga kelele usiku kucha. Niliandika kwa mama kwamba Mungu ameileta Ufipa Longido.

Vifaranga waliokuwa nje ndio walioanza. Bata ana tezi ya mafuta karibu na mkia na hupaka manyoya yake. Mbuni hana tezi hiyo, na manyoya yake hayashikamani kama ya ndege anayeruka. Maji yanapita moja kwa moja hadi kwenye ngozi. Mbuni mkubwa huvumilia, lakini kifaranga wa wiki tatu akilowa usiku, asubuhi unamkuta ameketi, shingo imelala. Tuliwahamishia wote ndani, tukawasha majiko. Ndani nako walianza kuokota na kumeza kila kitu, vipande vya kamba, maranda, mpaka firigisi zikaziba. Kifaranga wa mbuni anahitaji kutembea na kudonoa. Ukimfungia kwa huruma anajaza tumbo kwa uchafu.

Nikiwa nahangaika na hao, mizani ilikuwa ikisema jambo jingine. Mayai hayakuwa yakipungua. Yai la wiki ya nne lilikuwa limepoteza nusu tu ya kile lilichopaswa kupoteza. Kipimo cha unyevu ndani ya mashine kilipita 40 na hakikushuka. Nilimwonyesha mwenye shamba daftari, nikamwomba mashine ya kukausha hewa. Akasema mvua zitakatika. Sikusisitiza. Nilikuwa kijana, nimeajiriwa, na namba katika daftari zilionekana ndogo mbele ya bei aliyoitaja ya mashine hiyo.

Badala yake nikaongeza majiko ya mkaa katika chumba cha mashine, madirisha wazi. Chumba kikawa na joto hadi ukivuta pumzi unasikia ukavu puani. Kipimo ndani ya mashine hakikusogea. Daktari wa mifugo aliyepita Desemba alinieleza kwa sentensi moja ambayo sijaisahau: hewa umeipasha moto, lakini maji yake umeyaacha humo humo. Ndani ya mashine joto lilikuwa lilelile la siku zote, na maji yaliyoingia na hewa yalikuwa yaleyale. Mimi, mtoto wa nchi ya mvua, sikuwa nimewahi kufikiria kwamba hewa ina mzigo.

Usiku mmoja, siku ya 43, nilisikia mlio ndani ya yai. Mluzi mdogo wenye mtetemo. Nilimulika kwa tochi: chumba cha hewa kilikuwa kidogo kama kikombe cha kahawa. Mzee aliniambia niache. "Mfipa, akiwa wa kutoka atatoka." Mbuni mchanga hulivunja ganda kwa shingo na miguu, kwa kujisukuma na kupumzika, na wakati anapumzika ndipo mishipa ya damu ya utando inanyauka na kiini kilichobaki kinaingia tumboni. Nilijua hayo yote. Nilingoja saa tatu, mluzi ukawa unafifia, nikachukua nyundo ndogo nikatoboa. Utando ulikuwa bado mwekundu. Nilipouchana, damu ilikuja kwenye vidole vyangu na haikukoma. Alikuwa mzito kwa maji, shingo imevimba, macho wazi. Labda angekufa hata ningemwacha. Nimejiambia hivyo mara nyingi sana.

Kulikuwa na dume la boma la tatu, kali, ambalo liliatamia mayai yake na hatukuweza kuyachukua. Boma lilikuwa na mwinuko kidogo na kiota chake kilikuwa hapo, nami niliona afadhali kumwachia: tumbo lake huenda lingefanya kile mashine ilichoshindwa. Nilimpitia kila usiku na taa. Aliketi mvua ikimchuruzika kwenye mbawa alizozitandaza, shingo imesimama. Jike lilikuja zamu yake ya mchana kwa wiki tatu, kisha likaacha. Dume likaendelea mchana na usiku, likinyanyuka mara chache kula.

Katikati ya Januari maji yalipanda mwinuko ule. Asubuhi tulimkuta ameketi ndani ya tope, mayai yamezama nusu, mengine yamepasuka na kunuka. Bado hakutaka kutoka. Nilivaa mkono wa sweta, mzee akashika tawi la mgunga, lakini tawi halikuhitajika. Hakunipiga. Nilishika mdomo wake, nikavuta sufu juu ya macho yake, na kupitia sufu ya mama nikasikia mwili mzima ukitetemeka, kuanzia kichwani, na kutulia polepole. Tukamwongoza hadi boma la juu lenye changarawe. Nilirudi nikafukia shimo kwa koleo, nikalisawazisha. Yai moja zima nililipeleka kwenye mizani. Lilikuwa limepungua vizuri kuliko yote yaliyokuwa ndani ya mashine.

Jioni mzee aliniita. Dume lilikuwa limeuvuka uzio uliolegezwa na maji, likarudi boma la tatu. Lilikuwa limeketi palepale, juu ya tope nililolisawazisha, mbawa zimetandazwa.