Alichaguliwa Bukavu, sasa anashona nguo Uvira: nani atamlipa konseye?

UVIRA, KIVU YA KUSINI – Barazani kwa nyumba moja ya kupanga hapa mtaani Mulongwe, mwanaume mmoja mwenye miaka zaidi ya hamsini anashona sare za shule. Cherehani si yake, ameikodi kwa juma. Majirani wanamwita fundi. Wale wachache waliokimbia pamoja naye kutoka Bukavu wanamwita bado Konseye, na kila anapoitwa hivyo anainua kichwa haraka, kama mtu aliyesikia jina lake redioni.

Ni mshauri wa komini. Alichaguliwa na raia, kwa kura, tarehe 20 Desemba 2023, siku ileile Wakongomani walipomchagua raisi wa jamhuri, wabunge wa taifa na wabunge wa majimbo. Hajafukuzwa. Hajajiuzulu. Hajashindwa uchaguzi mwingine. Lakini hana kiti cha kukalia, na pesa ya kazi ile hajaiona.

Hapa Uvira watu wengi hawajui konseye ni nani, na hawana kosa. Kwa ukosefu wa pesa, tume ya uchaguzi CENI iliandaa uchaguzi wa washauri wa komini katika miji mikuu ya majimbo tu. Bukavu walipiga kura hiyo. Uvira hatukupiga, Baraka hawakupiga. Nchi nzima viti vilikuwa 951, na waliovigombania walikuwa zaidi ya 31,000. Katika Kongo hii ya katiba ya 2006, ilikuwa mara ya kwanza raia kuchagua mtu wa kuwasemea kwenye komini yao: mtu wa mtaro ulioziba, wa taa ya njia, wa takataka za soko.

Kwa kuwa hawamjui konseye, wanamchanganya na mbunge. Hapo ndipo taabu yake ilipoanzia.

Mama mwenye nyumba alipopata habari kwamba mpangaji wake ni mheshimiwa wa Bukavu, alipandisha bei ya chumba. Hakufanya kwa ubaya. Alifikiri kama wengi wanavyofikiri, kwamba mtu aliyechaguliwa ana dola zake mahali fulani, na akionekana maskini basi anaficha. Konseye alimweleza mara mbili. Mara ya tatu alitoa mfuko wa plastiki aliokuja nao kutoka Bukavu: karatasi ya matokeo, picha yake ya kampeni iliyokunjwa mara nne, na daftari la wanafunzi la kurasa 48.

"Mama, soma mwenyewe," alimwambia.

Katika daftari hilo ameandika kila kikao alichohudhuria tangu baraza lao liingie kazini mwaka 2024. Upande wa kushoto tarehe, upande wa kulia alichotumia: nauli ya mototaksi, mkopo wa simu, mchango wa matanga kwa raia waliomchagua. Maana konseye asiyefika matanga si konseye. Mwanzoni kuna mstari mmoja wenye wino mweusi zaidi: cherehani moja, imeuzwa. Alikuwa nazo mbili. Moja iliingia kwenye kampeni. Ya pili ilibaki Bukavu.

Safu ya tatu aliipa kichwa cha maneno, "Waliyonilipa". Iko tupu kutoka ukurasa wa kwanza hadi wa mwisho. Mama mwenye nyumba aliangalia safu ile muda mrefu, akarudisha bei ya zamani. Ila hakuacha kumwita mheshimiwa.

Malalamiko ya makonseye wasiolipwa si ya Bukavu peke yake. Yamesikika Kinshasa, yamesikika katika miji mingine. Lakini kwa wale wa Goma na Bukavu, vita imeongeza fundo lingine. Mwisho wa Januari 2025 waasi wa M23 waliingia Goma, katikati ya Februari wakaingia Bukavu, kisha wakateua viongozi wao. Serikali ya jimbo la Kivu ya Kusini ilihamia hapa Uvira. Konseye naye aliteremka na familia yake kwa njia ya bonde la Ruzizi. Akilini alikuwa na hesabu rahisi: mahali serikali inapokwenda, ndipo na haki ya mtu wa serikali inapokwenda.

Baada ya majuma machache alivaa suruali yake nzuri, akaenda ofisi moja kuuliza. Hakuuliza mshahara, alishachoka kuuliza mshahara. Aliuliza kile ambacho wafanyakazi wote wa Kongo wanakijua kwa jina la dekonte: hesabu ya mwisho, pesa anayopewa mtu kazi inapokwisha ili asitoke mikono mitupu. Ikiwa baraza limekufa, alisema, wamlipe dekonte yake, akanunue cherehani, waachane kwa amani.

Alijibiwa kwa upole, hata kiti alipewa. Aliambiwa kwamba dekonte ni ya mtu aliyemaliza. Yeye muhula wake ni wa miaka mitano, bado unaendelea, kwa hiyo hajamaliza. Alipouliza basi kuhusu pesa za vikao, akaambiwa kwamba vikao havifanyiki. Alitoka akiwa na kazi na bila kazi, yote mawili mchana mmoja.

Jambo hili lingekuwa la kuchekesha kama sheria isingekuwa wazi kabisa kwa wengine. Kifungu cha 109 cha katiba kinawapa wabunge wa taifa na maseneta pesa ya kutoka sawa na malipo yao ya miezi sita. Imeandikwa ndani ya katiba yenyewe, pamoja na rangi za bendera na wimbo wa taifa. Mbunge akishindwa uchaguzi, akirudi kwake kulala, miezi sita inamfuata. Waliotunga katiba walikuwa na sababu: mtu anayejua hatatoka na njaa, hatafuti kuiba kabla ya kutoka. Ni sababu nzuri. Swali ni kwa nini iwe nzuri kwa mtu wa Kinshasa mwenye gari, lakini fundi wa cherehani aachiwe kumwomba Mungu.

Na huyu fundi ana kitu cha kuuza. Kwa sheria, washauri wa komini ndio wanaomchagua mkuu wa komini, bourgmestre, na ndio wanaowachagua washauri wa mji, ambao nao wanamchagua meya. Uchaguzi huo uliahirishwa mara kwa mara, lakini siku moja utafika. Siku hiyo mtu mwenye tamaa ya umeya atawakuta watu waliouza cherehani zao, wasiolipwa, wasiotazamia chochote wakitoka. Bei yao itakuwa ndogo. Konseye mwenyewe anasema hilo bila aibu, huku akiuma uzi: kwamba hajawahi kula rushwa, lakini pia hajawahi kujaribiwa akiwa na njaa kama ya sasa.

Chini ya mwembe mmoja karibu na mto Kalimabenge, habari yake ilijadiliwa Jumapili moja, na hakupata wafuasi wengi. Mwalimu mmoja alisimama akasema yeye ni NP, yaani asiyelipwa, na kwamba kila mwaka anafundisha watoto wa taifa huku akilishwa na wazazi wao. Alichaguliwa na nani? Na hana hata safu ya tatu ya kuandika. Mwingine, dereva wa mototaksi, aliuliza kwa nini mtu aliyetafuta cheo kwa hiari yake, akabandika sura yake kwenye kuta za watu, alipwe kwa sababu cheo kimempiga teke. Watu walicheka. Konseye alicheka pia. Halafu akasema neno ambalo liliwanyamazisha kidogo:

"Ndugu, mwalimu akigoma, shule inafungwa na wote mnajua. Konseye akigoma, nani atajua?"

Lakini swali gumu kuliko yote lilitoka kwa mama anayeuza ndakala, ambaye alikuwa amekaa pembeni na beseni lake. Aliuliza pesa hiyo itatoka wapi. Alikuwa na haki ya kuuliza. Kwenye karatasi, jibu lipo: katika kila franga 100 za mapato ya taifa, jimbo lina haki ya kubaki na 40, na katika hizo 40, asilimia 40 ni za miji, komini, sekta na sheferi. Ni kusema franga 16 zingefika huku chini. Kama zingefika, dekonte ya konseye isingekuwa hadithi. Kwa kuwa mara nyingi hazifiki, komini inaishi kwa kile inachookota mlangoni pake: tikiti ya soko, meza ya mchuuzi, maegesho. Kwa hiyo pesa ya kumuaga konseye ingetoka ndani ya beseni la yule mama. Yeye alilijua hilo kabla ya wanasheria.

Konseye hakumjibu siku ile. Alirudi barazani akaandika katika daftari lake kiasi anachokiona cha haki. Si miezi sita. Anasema miezi sita ni wizi hata kwa mbunge. Ameandika miezi miwili, kwa mtu aliyefanya vikao na anayeweza kuvionyesha kwa sahihi. Asiyehudhuria asipate kitu. Na iandikwe kabla ya uchaguzi, raia waione kabla ya kupiga kura, ili atakayegombea ajue anaingia wapi na mama wa ndakala ajue analipa nini. Pia wasema wazi: baraza likifungwa na vita, siku ya kufungwa ihesabiwe kuwa siku ya mwisho, au mtu alipwe kama aliye kazini. Kimoja kati ya viwili.

Kigoma si mbali na hapa, wafanyabiashara wa ziwa wanaleta habari. Wanasema kule Tanzania diwani anapomaliza muhula wake anapata kiinua mgongo, na hata jina hilo linaeleza kazi yake. Konseye alilipenda neno hilo. Alisema Kifaransa chetu cha ofisini kina maneno mengi ya kumwinamisha mtu.

Barua yake ameiandika kwa Kifaransa, nakala tatu, na moja ina muhuri wa kupokelewa. Ni mwezi wa nane sasa, shule zinafunguliwa mwanzoni mwa Septemba, na kazi imeongezeka: bluu na nyeupe, bluu na nyeupe, mpaka usiku kama umeme upo. Wajukuu wa mama mwenye nyumba ni watatu, na sare zao zinahesabiwa katika kodi ya chumba.

Juzi jioni mama huyo alikuja kuzichukua. Alizigeuza ndani nje, akakagua mishono mmoja mmoja.

"Mheshimiwa, ile barua walikujibu?"

"Bado, mama."

"Basi huyu mdogo suruali imembana. Mfungulie kidogo kiunoni, mwezi ujao tutahesabu."

Akaivua tepu shingoni, akamwita mtoto asogee karibu na taa.