Gari la Kukurudisha Nyumbani

Kiabakari, Butiama

Mjukuu wangu,

Barua hii nimeiandika mwenyewe, mkono ukiwa bado unatii, na nimemkabidhi shangazi yako wa Bunda. Mambo ya shamba, ng'ombe na nyumba nimeyasema mbele ya ukoo na yameandikwa. Hili la magari ni letu wawili, maana katika wajukuu wangu wote ni wewe peke yako unayeweza kusimama saa nzima mbele ya boneti iliyofunguliwa na usichoke.

Najua unachowaza. Unataka kuuza Noah yako ununue gari moja la kufanya kazi mbili: siku za wiki likupeleke kazini Musoma mjini, na mashindano yakikaribia lifungwe tela, libebe ile Subaru Impreza yako iliyolala gereji Bunda, liivute mpaka Arusha, Tanga au Iringa. Wenzako wanakwambia nunua kigari kidogo cha kazini, hela yote inayobaki iingie kwenye Subaru, na safari ikifika utakodi Fuso. Mimi nakwambia geuza hesabu hiyo. Hela nzuri iende kwenye gari linalovuta. Subaru isubiri.

Sisi wa rika langu mbio tulizipenda kupitia redio. Kila Pasaka tulikuwa tunaizunguka redio moja kusikia Safari Rally imefika wapi. Ilianza mwaka 1953, ikipita Kenya, Uganda na Tanganyika, na magari yake yalikuwa yale yale ya dukani, yakipangwa katika madaraja kwa bei zake. Mwaka 1965 Joginder Singh wa Kenya, fundi wa magari, yeye na ndugu yake Jaswant, walishinda kwa Volvo PV544 iliyokwisha kutumika mashindanoni kabla haijafika mikononi mwao. Mwaka 1966 na 1967 ushindi ukaja kwetu: Bert Shankland, dereva wa Tanzania, na Chris Rothwell, ndani ya Peugeot 404. Ile 404 ndiyo iliyokuwa ikipeleka watu harusini na hospitali. Kwa hiyo kijana wa wakati ule aliweza kuamini kwamba gari moja linatosha, la mbio na la nyumbani.

Lakini sikiliza na upande wa pili. Mwaka 1963 yaliondoka magari 84, yakamaliza 7. Mwaka 1968 yaliondoka 93, yakamaliza 7 tena. Mengine yote yalibaki njiani, kwenye matope, kwenye mito, au yamevunjika ekseli porini. Washindi wanakumbukwa kwa majina. Nilichokuwa nikijiuliza mimi, dereva wa lori la pamba, ni hawa wengine wote walirudije kwao.

Gari la mbio kazi yake ni kusukumwa hadi mwisho wa uwezo wake, na huko mwisho ndiko vitu vinakovunjika. Ukiona Impreza inarudi kila mara ikiwa nzima, ujue hujaiendesha. Tena siku hizi gari la mbio lina vyuma vya kumlinda dereva vilivyochomelewa ndani, viti vya nyuma vimeng'olewa, shokapu ngumu kama mwamba wa Mukendo. Huwezi kumpakia bibi yako humo. Basi kama hili moja limekubaliwa kuvunjika, lile jingine halina ruhusa hiyo hata siku moja. Linalovuta ndilo litakalokutoa Tanga usiku, umechoka, una vumbi masikioni, na Subaru iko nyuma yako gurudumu limelala upande.

Na hilo linalovuta si lako peke yako. Hapa kwetu mtu akinunua gari, ukoo mzima umenunua. Mke wako akishikwa uchungu usiku pale kwenu Bweri, ndilo. Msiba ukitokea Butiama, ndilo la kubeba masufuria na wazee. Mahindi kutoka shambani, mgonjwa kutoka Kisorya, watoto wa shule mvua ikinyesha, ni hilo hilo. Kwa hiyo usilipime kwa siku chache za mashindano. Lipime kwa siku nyingine zote za mwaka, kisha uulize kama siku hizo chache nazo linaziweza. Vijana wengi wanaanza na mbio wanamalizia na nyumbani, wanaishia na gari ambalo nyumbani linalaaniwa.

Sasa tuhesabu mzigo. Impreza yako ina kama kilo 1,300. Tela la chuma la ekseli mbili lina kama 600. Weka tairi za akiba, jeki, masanduku ya spana, madumu ya petroli, spea. Umeshapita tani mbili. Noah yenyewe tupu haifiki tani mbili! Mzigo mzito kuliko gari linalouvuta ndio unaoamua mnaelekea wapi, hasa kwenye mteremko, hasa kukiwa na mvua. Unataka gari ambalo likiwa na watu na mafuta halizidiwi uzito na kilicho nyuma yake.

Watu watakuuliza nguvu za farasi ngapi. Waache. Kuvuta ni kitu chepesi, hata trekta bovu linavuta. Swali ni kusimamisha. Kabla ya injini, lala chini ya gari utazame chesisi. Gari la kuvuta mzigo huo liwe na chesisi yake kamili, mihimili miwili kutoka mbele hadi nyuma, na bodi imekaa juu yake. RAV4 na Forester bodi ndiyo chesisi. Ni magari mazuri, Forester hasa naiheshimu, lakini mzigo wako unagusa kikomo chake au unakipita. Usiishi kwenye kikomo.

Prado utaonyeshwa, na utaitamani. Nyingi zinazokuja kutoka Japani ni za petroli, cc 2,694, gia otomatiki za hatua nne. Kwa mjini Musoma ni starehe tupu. Zikifungwa tani mbili nyuma kwenye kilima kirefu, injini inalia, gia zinahangaika kupanda na kushuka, na oili ya gia boksi inachemka. Otomatiki inakufa kwa joto, na haikutumii taarifa mapema. Ukiamua kuichukua hata hivyo, iwekee rejeta ndogo ya kupoza oili ya gia kabla hujavuta chochote. Zile za zamani za dizeli zenye injini ya 1KZ zina nguvu tamu, ila zikichemka mara moja silinda hedi inaweza kupasuka. Muuzaji atakuapia haijawahi kuchemka.

Land Cruiser mkonga yenye 1HZ, cc 4,164, ndilo gari ambalo ningelipenda kwa moyo wangu. Silinda sita, haina turbo, haina makeke. Lakini bei yake inamshinda mtu mwenye watoto wa shule, mafuta yake nayo ni ya kila siku, na kwa kwenda ofisini ni gumu mno. Moyo wangu si mfuko wako.

Kwa hiyo nakuambia Hilux dabo kebini, dizeli, gia za mkono. Zile zilizotoka kuanzia mwaka 2005 zenye dizeli ya lita 3 na turbo zinatosha mzigo wako kwa tela lenye breki. Viti vitano vya watu, nyuma mahindi au tairi, spea zipo Musoma, na zisipokuwepo basi la Mwanza linaleta kesho yake. Ukiikagua nenda asubuhi kabla haijawashwa, uguse injini kwa mkono uhakikishe ni ya baridi, kwa sababu muuzaji mjanja anaipasha moto kabla hujafika. Iwashe, usikilize nozeli. Zikigonga kama mtu anayepiga kijiko kwenye bati, zinakaribia kwisha, na bei ya seti mpya itakutoa jasho. Kisha tazama nyuma, pale ndoano ya kuvutia inapofungwa. Ukikuta imechomelewa kwenye bampa, iondoe. Ifungwe kwa bolti kwenye chesisi yenyewe, pande zote mbili.

Ukiagiza nje, kumbuka ushuru wa bidhaa unapanda injini ikivuka cc 2,000, na gari likizeeka linaongezewa tozo ya umri. Ingiza gari lako kwenye kikokotoo cha Mamlaka ya Mapato (TRA) kabla hujamtumia mtu hata shilingi.

Hapo kwenye tela ndipo nataka unisikilize kwa makini zaidi, kwa sababu wanaokufa kwa kuvuta magari mara nyingi wanauawa na tela. Liwe na ekseli mbili, na breki zake lenyewe, zile zinazojikamata tela linaposukuma gari mbele. Minyororo miwili ipite chini ya mkono wa tela, imepishana. Beringi zipakwe grisi kabla ya kila safari ndefu. Namba yake na bima yake visikosekane.

Kisha uzito. Kama kumi kwa mia ya uzito wa tela na mzigo wake inatakiwa ilale kwenye ndoano. Ikiwa kidogo mno, tela linaanza kutikisa mkia ukiongeza mwendo, na mtikisiko ule ukishakua unalitupa gari barabarani. Ikizidi mno, Hilux inakaa chini nyuma, magurudumu ya mbele yanakuwa mepesi, usukani hauna neno tena. Ule mzani wangu wa jukwaa niliokuwa nikipimia magunia ya pamba uko stoo, unapima vizuri. Uweke chini ya mkono wa tela, juu yake jeki, Subaru ikiwa imeshapandishwa na kufungwa mikanda. Kwa tani mbili mzani usome kama kilo 200. Ukisoma 120, sogeza Subaru mbele kidogo, upime tena. Ukiipata, piga alama ya rangi kwenye sakafu ya tela mahali tairi za mbele zinapokaa. Hapo ndipo itakapokaa siku zote.

Siku tela likiyumba, na litayumba, utataka kukanyaga breki. Usikanyage. Wala usiongeze moto kulinyoosha. Toa mguu kwenye mafuta, shika usukani umenyooka, liache lipungue lenyewe.

Njia ya Arusha unaijua. Kupita Serengeti na Ngorongoro ukiwa na tela usifikirie: viingilio vya hifadhi mbili, na barabara ya vumbi yenye matuta madogo madogo inayolegeza kila bolti. Shika lami: Bunda, Lamadi, Bariadi, Maswa, Shinyanga, Nzega, Igunga, Singida, Babati, Arusha. Ni zaidi ya kilometa 800, nazo si za siku moja kwa mtu mwenye tela. Baada ya Bunda kuelekea lango la Ndabaka la Serengeti punguza mwendo hata kama barabara ni nyeupe, wanyama wanavuka, na gari lenye tani mbili nyuma halisimami ghafla. Sheria inaziwekea gari zinazozidi kilo 3,500 kikomo cha kilometa 80 kwa saa nje ya mji. Wewe na tela lako mnazidi hapo kwa jumla, basi jiwekee 80 hata kama trafiki hayupo.

Mlima Sekenke unaupanda ukienda na kuushuka ukirudi. Kuupanda ni subira tu, angalia mshale wa joto. Kuushuka ndiko kugumu, kwa sababu utakuwa umechoka, pengine umeshindwa, na mawazo yako yako kwenye gia boksi iliyovunjika. Kabla mteremko haujaanza simama, zunguka tela, gusa kila gurudumu kwa mkono. Lenye moto kuliko wenzake lina breki iliyoshika au beringi inayokufa. Kisha ingiza gia ya chini ukiwa bado juu, uache injini ishike gari, breki uzitumie kwa kukanyaga na kuachia. Dereva anayeanza kutafuta gia ya chini katikati ya Sekenke amechelewa.

Jambo la mwisho ni la nyumbani. Ukifunga tela Alhamisi umeondoa gari la familia kwa siku kadhaa. Kaa na mke wako kabla hujajiandikisha mbio zozote, mkubaliane nani atakayewapeleka hospitali likitokea la kutokea, na huyo mtu muachie hela ya mafuta mkononi, usimwachie ahadi. Kama mke wako yuko kwenye mwezi wa kujifungua, au bibi yako yuko hoi, mbio hizo zikupite. Kutakuwa na nyingine.

Nakuachia mzani, spana zangu zote za milimita, na jeki ya tani tano. Shangazi yako ana fedha kidogo nilizoziweka. Ni za breki za tela na tairi zake, na nimemwambia asikupe kwa kazi nyingine yoyote, hata ukimbembeleza. Tela likikamilika, kwanza livute tupu kutoka Bunda mpaka Musoma na kurudi. Kisha pakia Subaru uje nayo mpaka Kiabakari, polepole, upime tena uzito hapa uwanjani, na mafundi wawili wakague bolti za ndoano. Ukimaliza hapo ndipo upige simu Arusha kujiandikisha.

Babu yako