Madirisha Saba ya Kigango



Kwaresima hii sisi mafrateri sita wa mwaka wa pili wa falsafa tulitumwa kigangoni kubandua rangi kwenye vioo vya kanisa. Ilikuwa rangi ya mafuta, ile ya milango, iliyochorwa njiwa, misalaba na zabibu. Jua lilikuwa limeibambua hata njiwa wengine wakabaki bila vichwa. Paroko alitaka mwanga uingie kabla ya Pasaka.

Tulianza vibaya. Tulisugua kwa stilwaya, na mikwaruzo ipo mpaka leo. Ukikaa upande wa kwaya asubuhi utaiona. Fundi rangi mmoja, muumini wa pale, akatuonea huruma. Alitufundisha kulowesha kwanza kwa maji moto ya sabuni, au kubandika kitambaa chenye siki ya moto, na kusubiri. Kisha wembe mpya, uulaze, usukume mbele tu. Tena usikwangue pakavu, kwani rangi nyingine za zamani zina madini ya risasi na vumbi lake ni sumu.

Vioo vya kanisa kuu la Chartres, Ufaransa, usingevibandua hivyo. Kule rangi imo ndani ya kioo chenyewe, na michoro yake ilichomwa tanuruni ikashikamana nacho. Yetu ilikaa juu tu. (Mwenzetu mmoja alitaka kutuingizia Aristotle hapo. Tulimpa ndoo.)

Jumamosi ya pili ndipo tulipojua mchoraji ni nani: mzee katekista, yuleyule aliyekuwa akituletea chai. Alivichora ujanani, kigango kilipokosa fedha za kununua vioo vya rangi. Hakuna aliyemwuliza kabla ya kazi, na sisi hatukuuliza. Tulikuwa tumeshamaliza madirisha manne.

Tulimwendea. “Shikamoo mzee. Utusamehe.”

“Marahaba, wanangu. Wembe umebaki?”

Akabandua la tano kwa mkono wake, polepole, akianzia mkiani mwa njiwa. La sita tukasaidiana naye. Kwenye la saba, lenye zabibu, akaweka wembe chini. Rangi ya zambarau ile, alisema, alimchanganyia marehemu mkewe.

“Hili mniombee kwa Paroko.”

Tulikwenda jioni ileile. Paroko alisikiliza mpaka mwisho, akasema atalifikiria. Pasaka imepita, dirisha la saba bado lina zabibu, nasi hatujathubutu kumkumbusha.